Pumzi Ndani ya Chupa ya Chai

Usiku wa kuamkia leo niliota natahiniwa na stendi ya nota.

Kabla sijafika huko, niseme kwanza nililala nikiwa nani, maana ndotoni jambo hilo lilileta utata. Naitwa Nakiete Mgonja, mwanafunzi wa uzamivu wa uimbaji. Ndiyo, kuna watu wanasomea kuimba mpaka kiwango hicho, na ndiyo, shangazi zangu nao huniuliza kama mwisho wake nitakuwa daktari wa koo. Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya onyesho la mtihani. Unasimama jukwaani na mpiga piano wako, unaimba karibu saa nzima, watahini wanasikiliza, halafu wanajifungia chumbani kuamua kama miaka yako imekwenda na maji.

Wimbo wangu wa mwisho ulikuwa wa mama. Si kwamba aliutunga yeye. Uliimbwa na kwaya yake ya kanisani kule Myamba, milima ya Upare, ambako watu wanalima tangawizi mpaka kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe hufikiri mara mbili. Mstari wake mkuu unasema, "Tutakapofika juu, tutatua mizigo." Mama aliimba sauti ya pili, na kila alipofika kwenye neno lile la kwanza alilikata katikati. Aliimba "tutaka," akavuta pumzi kubwa ya kusikika, ndipo akamalizia "pofika." Mimi niliuokota wimbo huo jikoni kwake pamoja na pumzi yake, na mpaka leo nikifika hapo kifua kinavuta chenyewe.

Kwa mwimbaji aliyesoma, kupumua katikati ya neno ni sawa na kupiga chafya kwenye sinia la watu. Msimamizi wangu, Profesa Kemilembe, mama wa Kihaya aliyenyooka kama rula, amehangaika na pumzi hiyo tangu siku ya kwanza aliponisikia.

"Tutaka nini, Nakiete?" huniuliza. "Watu wamekaa ukumbini wanajiuliza, tutaka nini? Neno ni yai, mwanangu. Ukilipasua katikati linamwagika."

Jana jioni, kwenye mazoezi ya mwisho, ilinitoka tena. Profesa akafunga kifuniko cha piano polepole, jambo ambalo kwake ni zaidi ya matusi, akasema kesho asiisikie. Akiisikia, hatakuwa na neno la kunitetea mbele ya wenzake. Nikaitikia, kama nilivyoitikia aliponikataza kutafuna tangawizi kwa madai kwamba inaunguza koo, nikaacha kabisa, mimi mtoto wa Myamba.

Nilichoshindwa kumwambia ni hiki. Sauti ya mama yangu haipo tena popote. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kaseti pekee ya kwaya yao mjomba aliirekodia mpira wa redioni, tena mechi yenyewe ikaisha bila bila. Kilichobaki cha mama ni hiyo pumzi moja, nayo imo kifuani mwangu. Kwa hiyo nililala nikijua kwamba asubuhi kimoja kitaniponyoka, ama pumzi ama shahada. Nilikuwa na hofu, sioni sababu ya kuficha.

Basi nikaota.

Niko mbele ya mlango wa ukumbi, nimevaa nguo yangu ya onyesho na ndala. Nataka kuingia. Mlango hautaki.

"Jina," mlango ukasema.

"Nakiete Mgonja."

"Sauti?"

"Ya kwanza."

"Hata mimi," mlango ukasema, ukajifungua kidogo ili nisikie. Kweli, bawaba zake zilikwenda juu sana, tena safi. Nikaupongeza. Ukaniambia ungekuwa mbali kimuziki kama si yule fundi anayekuja na mafuta.

Nikataka kupita. Ukajifunga.

"Mtahiniwa anaingia mmoja. Nyinyi mko wawili."

Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Nikajitazama chini, nikaona miguu miwili, yote yangu.

"Niko peke yangu."

"Nawasikia wawili wanapumua. Mmoja anapumua vizuri. Mwingine anapumua katikati ya neno."

"Lakini sijasema neno lolote."

"Ndiyo maana nashangaa," mlango ukasema.

Sikuelewa, ila ulionekana mlango wenye uzoefu, kwa hiyo sikubisha. Ukaniruhusu nipite kwa sharti kwamba mambo hayo nikayaeleze ndani.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Mwenyekiti wa watahini alikuwa stendi ya nota, ile ya chuma ya kuwekea karatasi za nyimbo, yenye miguu mitatu, imevaa joho jekundu ambalo halikuwa na mabega ya kulishikilia, likawa linateleza kila mara. Pembeni yake ilikaa metronomu, kile kisanduku cha kupimia mwendo wa muziki chenye ulimi unaokwenda huku na huku. Ulimi ulikuwa unakwenda, na kila upande ulikuwa na neno lake.

"Sahihi. Kosa. Sahihi. Kosa."

"Nini sahihi?" nikauliza.

"Usiijali," stendi ikasema. "Huwa inajiandaa."

Dirishani niliona piano kubwa nyeusi imesimama nje kwenye mvua, imeshika mwavuli mdogo wa mtoto. Maji yanaingia kwenye funguo zake, na kila tone linalia nota yake. Nikauliza kwa nini haikaribishwi ndani.

"Ni mtahini wa nje," stendi ikanijibu, ikinishangaa. "Akiingia ndani atatahini nini?"

Piano ikanipungia kwa kifuniko. Nikaipungia pia. Ilionekana ina baridi lakini inaheshimu kazi yake.

Profesa Kemilembe alikuwepo, nami nikafurahi kumwona binadamu. Akanijia moja kwa moja, akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda mabegani kwangu na kusimama wima.

"Profesa, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Mimi si msimamizi wako?"

"Ndiye."

"Basi nasimama."

Nilijiuliza tu ilikuwaje miaka yote hii akasimamia akiwa chini.

Stendi ikakohoa. Joho likateleza, ikalivuta kwa mguu wa tatu.

"Nakiete Mgonja, kanuni ya uzamivu inasema kazi ya mtahiniwa iwe yake mwenyewe. Tumeipima sauti yako yote. Ya juu ni yako. Ya chini ni yako. Mtetemo ni wako, ingawa ungeweza kuwa mzuri zaidi. Lakini humo ndani kuna pumzi moja ambayo si yako."

"Ya nani?"

"Ya mwanamke mmoja wa Myamba, sauti ya pili. Umeitumia miaka na miaka, hujamtaja popote."

"Ni mama yangu."

"Hatukatai. Lakini umenakili."

"Kosa," metronomu ikasema, na mara hii ilikuwa imejiandaa.

Nikasema nataka kujitetea. Stendi ikasema hairuhusiwi mtu kujitetea, hapa kinachotetewa ni tasnifu, tena iko wapi tasnifu yenyewe? Tasnifu yangu ilikuwa imekaa kiti cha nyuma, imekunja mikono juu ya jalada lake. Ina sura nzima inayohusu pumzi katika kwaya za Upare, nami nikaiangalia kwa matumaini makubwa.

"Mimi sina la kusema," tasnifu ikasema. "Kuhusu hiyo pumzi nimeandikwa kwamba ni athari ya mazoea."

"Maana yake nini?" piano ikauliza kutoka nje.

"Sijui. Muulizeni aliyeniandika."

Wote wakanitazama. Mimi nami sikujua. Niliyaandika maneno hayo kwa sababu sura ilikuwa imechelewa, nayo yalikuwa na sura ya kisomi. Mama sikuwahi kumwuliza kwa nini anapumua pale, na baadaye akawa hayupo wa kuulizwa. Mabegani nilihisi Profesa akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Stendi ikatoa chini ya meza chupa ya chai, zile za maua mekundu, ikaiweka mbele yangu. Niliitambua. Kikombe chake cha juu kilikuwa na ufa ule ule wa chupa ya nyumbani kwetu.

"Unaitoa pumzi, unaiweka humu, tunakupa shahada. Huitoi, unarudi kwenu. Chagua."

"Kwa nini chupa ya chai?"

"Isipoe."

"Halafu mtaifanyia nini?"

"Tutaipa kinanda cha kanisa. Kinanda kinahitaji pumzi, na hakina mama."

Sitaki kudanganya, niliitaka ile shahada. Niliitaka mpaka meno yakauma. Nimeimba Kijerumani nisichokiota, nimekataa harusi za watu ili nisipige vigelegele nikaharibu koo, nimenyamaza wiki nzima kabla ya kila mtihani mpaka jirani akadhani tumegombana. Nikajongea mezani. Nikaegemeza mdomo kwenye chupa, nikaimba, "Tutaka," nikangoja.

Pumzi haikuja. Kifua kilikaa kimya kama hakinijui.

"Inaona aibu," Profesa akasema kutoka juu.

"Haitoki hapa," piano ikasema dirishani. "Pumzi hutolewa pale inapovutwa. Mpelekeni."

Ndipo nikagundua kwamba zile safu za viti hazikuwa viti, yalikuwa matuta ya tangawizi. Kapeti ni udongo mwekundu. Ukumbi umeinuka upande mmoja na kuendelea kuinuka, na mimi niko kwenye kijia cha Myamba, kile kinachotoka gulioni kwenda juu kanisani, nimejitwika kiroba cha tangawizi mbichi. Kijia hicho nakijua kwa macho tu. Nilipelekwa kwa mama mdogo Korogwe kusoma nikiwa mdogo, sikuwahi kukipanda na mzigo. Kwa kuwa kichwani kuna kiroba, Profesa amehamia juu ya kiroba. Amesimama wima vile vile.

Stendi inapanda nyuma yangu kwa miguu mitatu, imebeba chupa. Metronomu imepakatwa kwenye joho. Kuhusu piano, kulitokea mjadala mfupi, kwa sababu sasa kila mahali palikuwa nje, na kwa hiyo mtahini wa nje alikuwa na haki kila mahali. Ikafunga mwavuli, ikaanza kusukuma magurudumu yake mlimani kwa furaha kubwa.

Mbele yangu, kona moja juu, anapanda mwanamke mwenye kiroba kichwani. Namwona mgongo na visigino. Kisigino cha kushoto kina ufa mrefu unaopinda mwishoni. Nikajua ni nani kabla hajafungua kinywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka, kwa maana mwenye mzigo kichwani hageuki ovyo. "Umekula?"

"Nimekula."

"Wanasema unasoma bado. Unasoma nini?"

"Kuimba, mama."

Akapanda hatua kadhaa akilifikiria jambo hilo.

"Miaka yote hiyo bado hujajua?"

"Najua. Sasa hivi nasomea uzamivu."

"Na huyo juu ya tangawizi yangu ni nani?"

"Ni mwalimu wangu."

"Karibu, dada," mama akasema. "Angalia kichwa, kuna matawi."

"Ahsante sana, mama Nakiete," Profesa akasema, akainama kuyakwepa matawi. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, sijawahi kumsikia hivyo.

Nilitaka kumwambia mama mambo mengi. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka, na kwamba kaseti ilirekodiwa mpira. Lakini mlima ulikuwa mkali. Shingo inazama mabegani. Mama, mbele, akaanza kuimba. Ndivyo walivyofanya mazoezi, akaniambia kati ya mistari. Jioni kuna ng'ombe na watoto, Jumapili ni ibada, kwa hiyo kwaya ilijifunza nyimbo zake siku ya gulio, njiani, mizigo ikiwa kichwani, na mwalimu wa kwaya mbele anapiga mwendo kwa kugonga jembe.

"Tutaka," mama akaimba, na papo hapo kijia kikafika kwenye jiwe.

Ni jiwe refu lililosimama kando ya njia, juu bapa kama meza, kimo chake ni kimo cha kichwa cha mtu mzima. Mama akasogea, akaingiza kichwa pembeni yake. Kiroba kikakaa juu ya jiwe bila yeye kuinama. Shingo yake ikarefuka. Akavuta pumzi, ile ile, kubwa, ya kusikika, yenye harufu ya tangawizi. Kisha akarudisha kichwa chini ya mzigo, akanyanyuka nao na kuendelea, "pofika."

Nimeandika sura nzima. Nimechora grafu.

"Kwa nini mnatua hapa?" nikamwuliza, ingawa nilikuwa nimeshaona.

"Sasa tutue wapi? Ukiutua chini mzigo uko peke yako, nani atakutwika? Jiwe ndilo linakutwika." Akasema kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji yanalowesha. "Kwaya nzima tulipumulia hapa. Hata tukiwa tumekaa kanisani, hapa tulipumua."

Nikasogea, kiroba changu kikakaa jiweni, Profesa akiwa juu yake. Nikaimba "tutaka," na kifua kikavuta chenyewe. Na hapo juu yangu nikamsikia Profesa Kemilembe naye akivuta pumzi, kubwa, yenye sauti, kama mtu aliyebeba kitu kizito kutoka mbali. Hata metronomu, ambayo ilikuwa imezidi kuchelewa kadiri mlima ulivyopanda, ikasema "Sahihi," ulimi ukabaki upande huo, ikanyamaza.

Mama akavunja kipande cha tangawizi, akanipa kwa mkono uliopita nyuma ya mgongo wake. "Tafuna. Koo limekukauka."

"Profesa amenikataza."

Mama akavunja kipande kingine, akakinyoosha juu. Halafu nikasikia mtu anatafuna.

"Mnaona?" stendi ikasema, ikitweta. Ilifungua chupa ya chai. "Imepatikana. Imevutwa mbele ya watahini. Iweke humu, Nakiete, tumalize, wenzako wanangoja."

Nikaliuliza jiwe kama pumzi hiyo ni yake.

"Mimi sipumui," jiwe likasema. "Mimi natwika."

Joho langu lilikuwa limeshatundikwa kwenye mti, jipya, linapepea. Nikalitazama. Nikajiambia kwamba sasa najua sababu ya pumzi, nitaiandika vizuri kwenye tasnifu, na kitu kikishaandikwa hakipotei. Ilikuwa hoja nzuri ya mtu aliyechoka. Nikainama na mzigo wangu, nikaimba "tutaka" ndani ya chupa, na pumzi ikatoka kifuani yote, laini, ikaingia. Stendi ikakaza kifuniko.

"Hongera, Daktari," ikasema, ikanivisha joho.

Piano ikapiga kishindo cha furaha. Nikaimba mstari mzima bila kukata, neno lote zima kama yai, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Kisha nikataka kusogeza kiroba kwenye jiwe, na jiwe halikuwepo. Lilikuwa linateremka polepole kuelekea gulioni.

"Unakwenda wapi?" nikaliita.

"Sina kazi tena hapa," likanijibu kwa upole.

Mama alikuwa amefika kona ya juu. Kutua siwezi, nani atanitwika? Kupanda siwezi, pumzi sina. Nikaita.

"Mama, nisubiri!"

"Mlimani hatusubiriani na mzigo, mwanangu, shingo inavunjika. Tunasubiriana pale jiweni tu."

"Jiwe limeondoka, mama."

Akasimama, kitu ambacho alikuwa ametoka kusema hakifanyiki.

"Nani kaliondoa?"

Nilikuwa nimevaa joho jipya, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

"Mimi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alisema tu, "Haya, mwanangu," kama mtu anavyosema akiambiwa chumvi imekwisha, akaingia kwenye kona. Visigino vikapotea. Sauti ikaendelea kidogo, "tutaka," halafu hata hiyo nikawa siisikii, na nilijua kwamba nikizubaa ndiyo basi, mama yangu atakuwa amekufa kwa mara ya pili, na mara hii mkono wangu utakuwa umo.

Nikaipora stendi chupa.

"Hiyo ni mali ya chuo!" stendi ikapiga kelele. Joho lake likaanguka kabisa, na chini yake kulikuwa na chuma kitupu.

"Kosa!" metronomu ikazinduka. "Kosa! Kosa!"

"Utapoteza shahada," Profesa akaniambia kutoka juu, lakini aliniambia kama anayeuliza njia, na mdomo wake ulikuwa bado unatafuna.

Nikafungua kifuniko. Kumbe imekuwa chai. Chai ya rangi, moto wa kuunguza, tangawizi imetiwa kwa mkono usiopima. Sikumimina kwenye kikombe. Niliinywa ilivyo, yote, ulimi ukaungua, koo likaungua, machozi yakatoka, nyuzi za tangawizi zikapita na nyingine zikakwama. Chini kwenye mteremko nikasikia kitu kizito kinapanda kurudi, kinaguna. Kiroba kikakaa. Shingo yangu ikarefuka. Na huko nyuma ya kona, mbali, sauti ya pili ikaimba, "pofika."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kitandani mwangu hakukuwa na udongo wala jiwe, na begani hakukuwa na alama ya mguu wa mtu, nilijikagua kwenye kioo. Ulimi tu ulikuwa mkavu na unawasha, kitu ambacho mtu anayelala mdomo wazi hawezi kukishangaa. Nikapiga mswaki. Kwenye jino la nyuma kulikuwa na kitu, nikakivuta kwa kucha, kikatoka kirefu: uzi wa tangawizi, mbichi, bado mkali. Chumbani kwangu hakuna tangawizi. Haijaingia tangu nilipokatazwa. Nikasimama nao pale kwenye sinki, kisha, bila kuelewa kwa nini, nikaurudisha mdomoni na kuutafuna.

Haya nayaandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido. Onyesho limekwisha. Watahini wamejifungia, wa nje naye wamemwingiza ndani, na sijui watasema nini. Wakinirudisha nyumbani nitalia, nataka mjue hilo.

Lakini niwaambie ilivyokuwa. Niliimba Kijerumani, nikaimba Kitaliano, mpiga piano wangu hakunikosea hata mara moja. Nikafika kwenye wimbo wa mwisho. Profesa Kemilembe alikuwa safu ya mbele, amenyooka, mikono mapajani, macho kwenye mdomo wangu. Nikaimba "tutaka," na mbele yangu nikaliona jiwe, nikasogeza kichwa kidogo, kidogo sana, hakuna aliyejua. Nikavuta pumzi.

Ukumbi ulikuwa kimya, kwa hiyo niliisikia vizuri. Kutoka safu ya mbele, katikati ya neno, mtu alivuta pumzi pamoja nami, kubwa, ya kusikika, na ilikuwa na harufu ya tangawizi.